Mashine Yajiendesha

Nimenunua mashine, pale Luthuli mjini,
Kwa malipo mara nne, nimeingia madeni,
Majirani wanione, naipandisha ngazini,
Mashine yajiendesha, ila lazima niwepo.

Muuza aliapia, kwa jina la mama yake:
"Bonyeza tu, keti pia, chai yako uishike,
Yenyewe itakwambia, wakati uzianike,
Mashine yajiendesha!" Ila lazima niwepo.

Kijitabu nikisome: herufi kama vibanzi,
Mchoro, mke na mume, wanacheka kwa mapenzi,
Nikasema, nijitume, leo naingia enzi,
Mashine yajiendesha, ila lazima niwepo.

Jumamosi saa mbili, nilibonyeza kwa pupa,
Ikanguruma vikali, vikombe vikaogopa,
Tokeni hazikujali, zikaisha, ninaapa,
Mashine yajiendesha, ila lazima niwepo.

Nikaongeza tokeni, ikadai sasa maji,
Kwetu Umoja, jamani, bomba letu ni mfungaji,
Hufuturu usikuni, mara moja, kwa uchaji,
Mashine yajiendesha, ila lazima niwepo.

Nikashuka na mitungi, ngazi tisini na tano,
Nikapanda mara nyingi, mgongo watoa neno,
Yaniambia, "Si mengi, hayaoshi hata jino!"
Mashine yajiendesha, ila lazima niwepo.

Oyugi kwenye baraza, kanipigia kicheko:
"Naomba tu kuuliza, nani bosi hapo kwako?"
Mke naye kaongeza, "Ilishe, chukua mwiko!"
Mashine yajiendesha, ila lazima niwepo.

Oyugi na taa zake, makofi zinasikia,
Juzi, jengo na makeke, bao lilipoingia,
Kwake zizime, ziwake, disko bila kulipia,
Taa zinajiendesha, ila lazima awepo.

Na shawa yetu ya moto, ina salamu ya chuma,
Hukukumbusha utoto, ukarukaruka nyuma,
Uoge na ndara nzito, huku dua unasoma,
Shawa inajiendesha, ila malaika wapo.

Mama fua yule wetu, Kalekye, kabisha hodi,
Kaitazama kwa utu, kama mgonjwa wa wodi:
"Hana mikono ya watu, anakaa bila kodi!"
Mashine yajiendesha, ila lazima niwepo.

Nikamlipa abebe, maji, mashine anyweshe,
Akamimina kwa debe, tone moja asirushe,
Akaiimbia, "Bebe, kunywa, wala usibishe!"
Mashine yajiendesha, ila Kalekye awepo.

Akinawa kanambia, "Bei imekwenda juu:
Nguo ningewafulia, mia tatu tu, mkuu,
Huyu wa kutumikia, mia tisa, ni nafuu,
Mashine yajiendesha, ila lazima niwepo."

Ikaandika, "Dakika moja tu, nimemaliza",
Ugali ukapikika, ukaliwa, ukasaza,
Hata habari kufika, moja bado yajikaza,
Mashine yajiendesha, ila lazima niwepo.

Ikifika kuzungusha, ikaanza kutembea,
Meza nayo ikapisha, paka akapotelea,
Waya ukaikatisha, mjini ikirejea,
Mashine yajiendesha, naikalia iwepo.

Sasa imepata kazi, ni tangi letu la maji,
Usiku, na usingizi, twaijaza, ni mtaji,
Kalekye ndiye mjuzi, kwa beseni na kipaji,
Mashine imejitwisha, mradi maji yawepo.

Juzi muuza kapiga simu, kutaka habari:
"Yaenda, Bwana Wanyaga, ama imeleta shari?"
Nikajibu bila woga, "Yafanya kazi vizuri:
Mashine yajiendesha, ila lazima niwepo."